Mhandisi wa Posta: Maisha na Kazi ya Thomas Flowers

Kwa muda wa miaka thelathini hivi baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanafunzi aliyeuliza ni wapi ulikoundwa mtambo wa kwanza mkubwa wa hesabu uendeshwao kwa elektroniki, alijibiwa kwamba uliundwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ukaonyeshwa kwa walimwengu mwezi wa Februari 1946, na jina lake ni ENIAC. Jibu hilo liliandikwa vitabuni na kurudiwa katika mihadhara. Walioliandika hawakuwa waongo; waliandika walichokijua. Walakini katika mji wa London alikuwako mhandisi mmoja wa Idara ya Posta ambaye aliyasikia hayo akijua kwamba sivyo yalivyokuwa, na asiweze kufungua kinywa. Miaka miwili kabla ya ENIAC kuonyeshwa, mtambo alioubuni yeye ulikuwa ukifanya kazi usiku na mchana. Mtu huyo ni Thomas Harold Flowers, aliyeitwa Tommy na wenzake, na mtambo wake ni Colossus.

Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1905 huko Poplar, mtaa wa watu wa kazi upande wa mashariki ya London. Baba yake alikuwa mwashi. Kijana huyu hakupelekwa Cambridge wala Oxford; alikwenda kuwa mwanagenzi wa ufundi katika kiwanda cha silaha cha serikali kilichoitwa Royal Arsenal, huko Woolwich, na jioni, mikono yake ikiwa imechoka, aliingia darasani kusomea shahada ya uhandisi wa umeme ya Chuo Kikuu cha London. Shahada aliipata. Mwaka 1926 aliajiriwa na Posta, ambayo siku zile ndiyo iliyoendesha simu zote za Uingereza ila chache, na mwaka 1930 akahamishiwa kituo cha utafiti cha Posta kilichokuwa juu ya kilima cha Dollis Hill. Habari hizi za ujana wake hazikutajwa kwa ajili ya kupamba. Kama itakavyoonekana, jambo alilolijua Flowers ambalo mabingwa wa hesabu hawakulijua lilitokana na njia hii hasa aliyoipita.

Kazi yake Dollis Hill ilikuwa ni vituo vya simu. Mtu alipoizungusha namba, kulihitajika chombo cha kuitambua namba ile na kuziunganisha nyaya mbili zilizotakiwa, na chombo hicho kilikuwa ni mkusanyiko wa rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme. Rilei ni kitu cha kutegemewa, lakini ni chuma kinachokwenda na kurudi, na chuma kinachokwenda na kurudi kina mwendo wake kisichoweza kuuzidi. Flowers alijiuliza kama kazi ile ingeweza kufanywa na valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Ndani ya valvu hakuna kinachokwenda ila umeme wenyewe, na kwa hiyo inaweza kuwaka na kuzima mara elfu nyingi wakati rilei ingali inajikongoja. Mwaka 1934 alibuni chombo cha kuendesha mawasiliano baina ya vituo vya simu, kilichotumia valvu tatu au nne kwa kila njia moja. Njia zilikuwa elfu moja. Hivyo Flowers, kabla ya vita, alikuwa amekwisha kuzoea kufikiri juu ya valvu 3,000 au 4,000 kwa pamoja, hali wengine walidhani kwamba makumi machache ni mengi.

Wengine hao walikuwa na sababu yao. Kila mwenye redio alijua kwamba valvu huungua. Ikiwa redio ya valvu tano huharibika mara kwa mara, mtambo wa valvu elfu mbili utakaaje hata saa moja bila ya valvu mojawapo kufa? Hesabu hiyo yaonekana haina jibu. Jibu lake alilipata Flowers katika vyumba vya mitambo ya simu, si katika kitabu. Redio huwashwa na kuzimwa, hubebwa na kugongwa, na kila inapowashwa nyuzi za valvu hupata moto kwa ghafula. Mtambo wa simu hauzimwi. Flowers aliona kwamba valvu iliyowashwa taratibu, ikapewa umeme wa kiasi, kisha ikaachwa iwake daima pasipo kuguswa, hudumu muda mrefu sana. Ni maarifa madogo, ya aina ambayo mtu msomi angeweza kuyasikia na kuyasahau kabla ya chakula cha mchana, na historia nzima ya Colossus imeyategemea.

Mwezi wa Agosti 1939 Flowers alikuwa Berlin kwa shughuli za simu. Ubalozi wa Uingereza ulimwonya aondoke, naye akavuka mpaka wa Uholanzi muda mfupi tu kabla ya vita kuanza. Mwaka 1941 aliitwa kumsaidia Alan Turing, aliyekuwa akifanya kazi Bletchley Park, nyumba ya mashambani ambamo Waingereza walikuwa wakifumbua simu za siri za adui. Kifaa alichoagizwa hakikutumika mwisho wake, lakini Turing alimwona mtu huyu ni wa namna gani, akamtaja kwa Max Newman, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge.

Hapa yafaa kuondoa kosa lililoenea. Watu wengi husema kwamba Colossus uliundwa ili kuvunja Enigma, na wengine humpa Turing sifa ya kuuunda. Yote mawili si kweli. Enigma ilitumiwa na majeshi katika mambo ya kila siku, na mitambo iliyokabiliana nayo ilikuwa mingine. Fumbo lililomhusu Flowers lilikuwa ni la mashine iliyoundwa na kampuni ya Lorenz, ambayo makao makuu ya jeshi la Ujerumani waliitumia kuandikiana na majemadari wao wakubwa. Katika mashine hiyo kila herufi iligeuzwa kuwa alama tano, kila moja ikiwa ipo au haipo, kisha magurudumu 12 yakatoa herufi nyingine ya kuificha ile ya kwanza. Fundi wake alikuwa mwerevu: ukiiongeza mara ya pili herufi ile ile ya kufichia, herufi ya asili hurudi yenyewe, na kwa hiyo mashine moja hufunga na kufungua. Waingereza hawakupata kuiona mashine hiyo mpaka vita vilipokaribia kwisha. Mwezi wa Agosti 1941 karani mmoja wa Kijerumani alirudia kutuma habari ndefu moja bila kubadili mpangilio wa magurudumu, na kutokana na kosa hilo kijana aitwaye Bill Tutte alifikiri na kupata umbo zima la mashine asiyoijua kwa macho. Tendo la Tutte linastahili insha yake peke yake.

Kujua umbo la mashine si kujua magurudumu yaliwekwaje siku fulani. Tutte alionyesha kwamba jambo hilo lingeweza kujulikana kwa kuhesabu: linganisha simu iliyofichwa na kila mpangilio unaowezekana wa magurudumu mawili, hesabu mara ngapi alama fulani zinalingana, na mpangilio wenye hesabu iliyozidi kawaida huenda ukawa ndio. Kwa mkono hesabu hiyo ingechukua muda mrefu kuliko faida yake. Newman akataka mashine. Iliyoundwa kwanza, mwaka 1943, iliitwa Heath Robinson, kwa jina la mchoraji aliyewachekesha Waingereza kwa picha za mitambo ya ajabu. Ilikuwa na tepe mbili za karatasi zenye matundu, moja ya simu na moja ya mpangilio wa magurudumu, zikizunguka pamoja kwa kasi kubwa zikivutwa na magurudumu yenye meno. Karatasi ikinyumbuka tepe hupishana, meno yakivuta sana karatasi hupasuka, na hesabu moja ikirudiwa mara mbili majibu huwa mawili. Flowers aliitwa aitengeneze sehemu iliyokuwa ikisumbua. Alipoitazama alisema kwamba kuitengeneza hakufai, inafaa kuachwa.

Shauri lake alilitoa mwezi wa Februari 1943. Utepe wa pili uondolewe kabisa, na mpangilio wa magurudumu ufanywe na valvu zenyewe ndani ya mtambo. Ukibaki utepe mmoja, hauna mwenzake wa kupishana naye, na meno hayahitajiwi. Utazungushwa na magurudumu laini. Vijitundu vya katikati ya utepe, ambavyo zamani vilikuwa ni vya kushikwa na meno, sasa visomwe kwa mwanga kama matundu mengine, na kila kijitundu kitoe pigo moja la umeme la kuendesha mtambo mzima. Hapo utepe ukinyumbuka au ukichelewa, mtambo nao utachelewa pamoja nao, na hesabu haitakosea. Ni vigumu kulitazama wazo hilo bila kulipenda. Mashine ya kwanza ilitumia nguvu kuulazimisha utepe uende sawasawa na mtambo. Flowers aliufanya mtambo uende sawasawa na utepe.

Mtambo huo ungehitaji valvu zaidi ya 1,500. Huko Bletchley wengi hawakukubali. Walisema ungekuwa tayari vita vikiwa vimekwisha, na ukiwa tayari usingekaa bila kuharibika, nao wakaamua kuagiza mashine zaidi za aina ya Heath Robinson. Ni rahisi leo kuwacheka. Lakini kila siku ya kuchelewa ilikuwa na watu wake waliokufa, na mtu aliyekuja na shauri hilo alikuwa ni fundi wa simu aliyesema kwa lafudhi ya mashariki ya London mbele ya mabingwa wa vyuo vikuu. Walichoombwa ni kuamini jambo ambalo uzoefu wao wote wa redio uliwakataza kuliamini. Flowers hakushindana nao kwa maneno. Alirudi Dollis Hill, akamweleza mkuu wake Gordon Radley, naye akampa ruhusa aendelee. Posta ilianza kuunda mtambo ambao waliokusudiwa kuutumia hawakuuagiza.

Kazi ilikwenda kwa muda wa miezi kumi na zaidi kidogo. Flowers aliugawanya mtambo vipande vipande, na wahandisi wenzake, wakubwa wao wakiwa Sidney Broadhurst na William Chandler, wakapewa sehemu zao. Mafundi wa kuunga nyaya walikuwa ni wale wale waliounga mitambo ya simu, na wengi wao hawakuambiwa kazi ile ni ya nini. Mwezi wa Desemba 1943 mtambo ulifanya kazi Dollis Hill. Januari 1944 ulifunguliwa, ukapakiwa katika malori, ukapelekwa Bletchley na kuungwa tena, na tarehe 5 Februari 1944 ukaishughulikia simu ya kwanza ya adui. Ulijaa chumba. Utepe wake ulizunguka juu ya fremu ya chuma ambayo waendeshaji waliita kitanda, ukisomwa kwa kasi ya herufi 5,000 kila sekunde. Flowers aliwahi kujaribu kasi kubwa zaidi ili aone mwisho wake. Utepe ulipofika karibu herufi 9,700 ulikatika, na karatasi ikatapakaa chumbani. Valvu zenyewe zingeweza kwenda zaidi. Karatasi ndiyo iliyoshindwa.

Wenye shaka waliuona na shaka yao ikaisha. Majibu ya mtambo huu yakirudiwa mara mbili yalikuwa yale yale. Waliokuwa hawautaki sasa wakadai mingine upesi, na wa kwanza uwe tayari tarehe 1 Juni 1944, bila kusema kwa nini tarehe hiyo. Mtambo wa pili ulikuwa na valvu 2,400, nao uliweza kuzishughulikia herufi tano kwa wakati mmoja, hata kazi yake ikawa sawa na ya kusoma herufi 25,000 kila sekunde. Usiku wa kuamkia siku iliyotajwa mtambo uligoma. Wahandisi walipochoka kabisa walikwenda kulala, akabaki Chandler peke yake. Kulipokucha kosa lilikuwa limepatikana na mtambo unakwenda. Siku tano baadaye majeshi yalivuka bahari kwenda Normandy. Vita vilipokwisha Ulaya, mitambo kumi ya Colossus ilikuwa ikifanya kazi Bletchley, ikiendeshwa na wanawake vijana wa jeshi la wanamaji.

Neno “kwanza” ni neno la ugomvi katika historia ya ufundi, na afadhali kulitumia kwa hadhari. Konrad Zuse alikuwa na mtambo wake wa rilei Berlin mwaka 1941, nao ulifuata maagizo yaliyoandikwa. Huko Iowa, Marekani, kulikuwa na mtambo mdogo wa valvu kabla ya Colossus. Wala Colossus haukuweza kufanya kila hesabu. Ulikuwa mtambo wa kazi moja, na kuubadilisha kulikuwa kwa swichi na nyaya, kwani haukuweka maagizo yake ndani kama kompyuta za baadaye. Kilichothibitishwa na Flowers ni jambo jingine, na bila hilo mengine yasingefuata: kwamba valvu elfu mbili zaweza kufanya kazi pamoja, kwa kasi kubwa, siku baada ya siku. Newman na Turing walikiona kitu hicho kwa macho yao. Newman alikwenda Manchester, ambako Juni 1948 kompyuta ya kwanza iliyoweka maagizo yake ndani ilifanya kazi, na Turing alikwenda kubuni kompyuta ya serikali. Wote wawili walijua kwamba jambo hilo linawezekana, ijapokuwa hawakuruhusiwa kusema walijuaje.

Maana vita vilipokwisha ilitoka amri ya kuivunja mitambo. Minane ilivunjwa, miwili ilichukuliwa na idara ya upelelezi, ikatumika mpaka karibu mwaka 1960. Flowers aliamriwa kuharibu michoro na karatasi zote. Alizichukua mpaka kwenye tanuri la kupashia majumba joto pale Dollis Hill, akazitia motoni, akasimama akiziangalia mpaka zikaisha. Kiapo cha siri kiliwafunga wote waliohusika, popote walipokuwa. Hata huku Afrika ya Mashariki kilikuwa na watu wake: Wajapani walipoushambulia mji wa Colombo mwaka 1942, wafumbuaji wa simu za siri wa jeshi la wanamaji la Uingereza walihamia Kilindini, wakafanyia kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram, Mombasa, mpaka walipoondoka mwaka uliofuata. Wenyeji waliopita chini ya madirisha yale hawakuambiwa kitu.

Kwa Flowers kiapo kilikuwa na bei ya namna yake. Serikali ilimpa pauni 1,000, naye akawagawia wenzake sehemu kubwa. Mke wake alijua tu kwamba mumewe alifanya kazi muhimu wakati wa vita. Lakini fedha na heshima si ndiyo hasara iliyokuwa kubwa. Flowers alirudi kwenye simu akiwa na shauri lile lile la tangu kabla ya vita, kwamba vituo vya simu viendeshwe kwa elektroniki, na alipokutana na watu wa kusema kwamba valvu hazitegemeki, hakuweza kuwajibu kwa kuwaonyesha Colossus. Mtu aliyekwisha kuushinda ubishi huo mara moja alilazimika kuuanza tena kana kwamba hajapata kuunda kitu. Aliendelea kuonekana kwa wengi kuwa ni mhandisi hodari mwenye ndoto kubwa kupita kiasi. Kituo cha simu cha elektroniki kilichofunguliwa Highgate Wood, London, mwezi wa Desemba 1962, kilishindwa, na Posta ikarudi nyuma. Ni kweli kwamba wakati huo transista zilikuwa zimeanza kuzitoa valvu mahali pake, na kwamba kushindwa kwa Highgate Wood kulikuwa na sababu za ufundi. Hata hivyo mtu anaweza kuuliza kazi hiyo ingeanza mwaka gani, na kwa msaada gani, kama wakuu wa simu wangejua miaka ya 1940 kile alichokijua Flowers. Mwaka 1964 aliondoka Posta, akafanya kazi katika kampuni ya simu mpaka alipostaafu.

Siri ilianza kupasuka katika miaka ya 1970. Mwaka 1975 serikali ilitoa picha chache za Colossus, na mwaka 1976 Brian Randell, mwanachuoni wa Newcastle, aliieleza habari yake mbele ya mkutano wa historia ya kompyuta huko Los Alamos, Marekani, ambapo baadhi ya mabingwa walioketi kusikiliza walikuwa wameamini muda wote kwamba wao ndio waliotangulia. Mwaka huo huo Flowers alitoa kitabu chake. Kinahusu vituo vya simu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Newcastle kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, na mwaka 1983 hatimaye alichapisha kwa jina lake maelezo ya jinsi alivyoubuni Colossus, kwa lugha kavu ya mhandisi, asiyemlaumu mtu.

Mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 87, alijiandikisha katika chuo cha Hendon kujifunza matumizi ya kompyuta ndogo za mezani, akapata cheti cha wanaoanza. Mwaka huo huo mhandisi aitwaye Tony Sale alianza kuuunda Colossus upya huko Bletchley, akiwa na picha nane na vipande vya michoro ambavyo wahandisi kadhaa walikuwa wamevihifadhi nyumbani kinyume cha amri. Mtambo huo uliwashwa mwaka 1996, na Flowers alikuwapo. Alifariki London tarehe 28 Oktoba 1998. Taarifa kamili ya serikali juu ya kazi ya kulivunja fumbo la Lorenz, iliyokuwa imeandikwa mwaka 1945 na watu waliokuwamo ndani ya kazi yenyewe, ilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 2000.